Likizo ya Melini na Vitu Visahauliwavyo



Baridi ya Juni iingiapo hapa Mbeya na kule Iringa, maombi ya likizo huwa mengi mezani. Wengine wetu huenda makwao kwa basi, nao hatuna neno nao leo. Lakini wako wengine, ama kwa kuwa kwao ni kando ya Ziwa Nyasa, ama kwa kuwa wataka kupumzika na kuiona nchi, ambao hushuka kwa njia ya Tukuyu hata Kyela, wakapanda meli kwenda Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay. Safari hiyo ni njema. Mtu aliyekaa miezi kumi na moja akitazama mafaili hupata kitulizo kikubwa aonapo Milima ya Livingstone ikiteremka mpaka majini. Basi hatuandiki ili kumzuia mtu asisafiri. Twaandika habari ya sanduku lake.

Twasema wazi ya kuwa wengi wetu hulifunga sanduku kwa ajili ya macho ya watu watakaotupokea, wala si kwa ajili ya njia. Humo mna suti mbili, viatu vya ngozi jozi tatu, redio, na zawadi za wajomba na shemeji. Hayo si makosa, maana karani arudiye kwao mikono mitupu hupata aibu. Kosa ni kwamba likisha kujaa hivyo hatukumbuki kitu cha kumfaa mtu akiwa katikati ya maji.

Hatusemi haya kwa kuwacheka wengine. Mwaka mmoja tulisafiri wawili, makarani wa afisi moja, na masanduku yetu yalichukuliwa na wapagazi wanne. Usiku injini ilinyamaza, na taa zikazimika pamoja nayo. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, chombo kikaanza kulala upande huu na upande huu. Simu zetu zilikuwa zimekwisha moto kwa kupiga picha tangu asubuhi. Tulitapika mpaka hatukuwa na kitu cha kutapika. Maji ya kunywa hatukuwa nayo, maana tulidhani tutanunua melini, na yaliyokuwako yalikwisha mapema.

Karibu yetu sitahani alikuwapo mama mmoja wa Kikisi, mtu mzima, akirudi kwao Lupingu baada ya kuuza vyungu. Alikuwa na kikapu kimoja tu. Humo alitoa kurunzi, akamulika watoto waliokuwa wakilia. Akatoa tangawizi mbichi, akaikata vipande, akatupa sisi na jirani zetu tutafune. Akatoa dumu la maji, na kamba, akafunga kanga kati ya nguzo mbili ili kumkinga mzazi mmoja na mtoto wake mchanga. Kisha akayatazama masanduku yetu.

“Wanangu,” akatuuliza, “mna nini humo ndani mote?”

“Ni nguo, Mama.”

Hakusema neno zaidi. Kulipopambazuka mafundi walifaulu kuiwasha injini, tukafika salama. Lakini sisi tuliosoma tuliona haya, kwa kuwa usiku kucha tulikuwa mzigo wa mtu asiyejua kutia sahihi jina lake.

Tangu siku ile tumekuwa tukichukua vitu vichache, navyo vyote huingia katika mfuko mmoja wa begani usioachana nasi. Kwanza ni kurunzi yenye mawe mapya, mbali na simu. Pili ni firimbi iliyofungwa uzi wa shingoni. Sauti ya mtu hukauka upesi katika upepo, bali firimbi huendelea maadamu pumzi ipo, na husikika mbali. Tatu ni dumu la lita tano lenye kifuniko kinachokaza. Likijaa ni maji ya kunywa, na likiwa tupu na kufungwa vizuri huelea. Halishiki mahali pa jaketi la kuokolea maisha, lakini ni afadhali kuliko sanduku la suti. Nne ni tangawizi, au vidonge vya kuzuia kichefuchefu ambavyo mganga amekuelekeza. Na vidonge hivyo humezwa kabla ya safari, wala si baada ya kuanza kutapika. Tano ni kanga au shuka, na kamba fupi. Sita ni vyeti na fedha ndogo ndogo katika chupa ya mdomo mpana, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na bahasha ya karatasi haina uwezo mbele ya maji.

Kwa sisi wa nyanda za juu twaongeza chandarua. Mbeya ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, na uso wa Ziwa Nyasa ni karibu mita 475 tu. Huko chini mbu hawangoji mgeni azoee. Na koti lisiachwe nyumbani kwa kudhani ziwani ni joto tupu, kwani kati ya Mei na Agosti upepo wa kusi, ambao watu wa ziwa upande wa Malawi huuita mwera, hupuliza kwa nguvu, na sitaha usiku ni baridi kama Makambako.

Huenda msomaji akasema, “Hizi ni hofu za wanawake.” Tumjibu kwa mambo yaliyotokea. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imepakia watu kupita kiasi. Na baadhi ya waliopona walipona kwa kushika magodoro, kwa sababu magodoro yalielea. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu wapatao 100 tu, na waliokufa wakazidi 220. Katika misiba hiyo hakuna aliyesaidiwa na viatu vya ngozi.

Tena liko jambo moja linalotuhusu sisi makarani kuliko watu wote. Katika MV Bukoba abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Kwa hiyo hata leo hapana mtu awezaye kutaja kwa hakika hesabu ya waliozama. Tufikiri maana yake. Mtu alitoka kwake, akalipa nauli, akafa, na hapana karatasi iliyosema kwamba alikuwako. Sisi tuliofundishwa katika shule za misheni twakumbuka habari ya Mtakatifu Paulo katika Matendo ya Mitume, alipovunjikiwa na merikebu kwenye kisiwa cha Malta. Shehena ilitupwa baharini, na wengine wakafika pwani juu ya mbao. Lakini aliyeiandika habari ile hakusahau kutaja hesabu ya nafsi zilizokuwamo, nazo zilikuwa 276, na wote walipoandama nchi kavu alijua ya kuwa hakupungua hata mmoja. Ndiyo kazi ya mwandishi. Basi karani apandaye meli asiondoke katika dirisha la tikiti kabla ya kuona jina lake limeandikwa, na jina la mke wake, na la kila mtoto, hata anyonyaye. Na nakala ya majina hayo, pamoja na jina la chombo na siku ya safari, aiache nyumbani au kwa katibu wa tawi. Karatasi hiyo haina uzito, wala haichukui nafasi sandukuni.

Wako watakaotupinga kwa njia nyingine, nao wana hoja. Watasema: kazi ya kumlinda abiria ni ya mwenye chombo, naye ndiye apaswaye kuweka majaketi ya kutosha, na liko shirika la TASAC, lililoanza kazi 2018, ambalo wajibu wake mmoja ni kuangalia usalama wa vyombo vya majini. Kwa nini abiria ajibebee ulinzi wake? Twakubali kabisa ya kuwa wajibu ni wao, wala tusiache kuudai. Mtu akipanda, aulize majaketi yako wapi, ajaribu kulivaa moja na kufunga kamba zake kungali mchana, bila kuona haya. Na akiona watu wamezidi, ashuke, hata kama likizo imekwisha kuanza. Meli ya MV Mbeya II, iliyoundwa huko Itungi na kuanza kazi 2021, ilijengwa kwa abiria 200 na tani 200 za shehena. Hesabu za namna hiyo zimewekwa ili zishikwe, na sisi tunaoshinda mchana kutwa katika hesabu hatuna udhuru wa kujifanya hatuzioni. Lakini kudai haki hakumzuii mtu kubeba kurunzi.

Tena kitu kidogo kikiwekwa mapema huweza kuokoa kikubwa. Tutazame Ziwa Tanganyika, jirani zetu wa upande wa Rukwa. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa nchini katika masanduku yapatayo 5,000, ikaungwa tena Kigoma. Julai 1916, katika vita, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe isitwaliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakaikuta mitambo ingali yafaa, na 1927 ikaanza tena kuchukua abiria, ikaendelea miaka mingi hata karne hii. Grisi kidogo iliwekwa saa ya mwisho na watu walioshindwa vita, nayo ikaifaa meli chini ya maji. Wahenga walisema akiba haiozi.

Basi shauri letu ni hili. Tawi la Mbeya na tawi la Iringa kila moja liweke sanduku la safari katika chumba cha mikutano. Ndani yake ziwemo kurunzi sita, firimbi sita, madumu sita, kamba, na majaketi ya kuokolea manne, mawili ya watu wazima na mawili ya watoto. Mwanachama aendaye likizo ya melini atie sahihi katika daftari, aazime avitakavyo, arudishe arudipo. Katika ukurasa huo huo aandike majina ya wote asafirio nao, na siku ya kurudi. Fedha zake zaweza kutoka katika michango ya karamu ya mwisho wa mwaka. Tukipunguza soda na ng'ombe mmoja tutalijaza sanduku hilo, na karamu itakuwa karamu vile vile.

Tunajua wengine watacheka kumwona karani na firimbi shingoni. Na wacheke. Lakini tungependa siku moja, taa zikizimika katikati ya ziwa, mama mwenye kikapu akitugeukia na kutuuliza tuna nini sandukuni, tuwe na jibu la kumpa, na maji ya kumpa yeye kwanza.