Barua Fupi ya Michael Reth na Msamiati wa Kinga ya Mwili

Wapo wataalamu wa lugha wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakina budi kusubiri hadi taaluma fulani ya sayansi itulie na istilahi zake zikubaliwe duniani, ndipo kiingie kutafsiri. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini inapuuza jinsi sayansi yenyewe inavyokwenda. Kisa cha Michael Reth, mtaalamu wa kinga ya mwili wa Ujerumani, kinafaa kuwekwa mbele ya wenye hoja hiyo. Utafiti wake juu ya namna seli B zinavyopokea na kupitisha habari umekuwa nguzo ya taaluma nzima, ilhali majina ya mambo aliyoyagundua yalibishaniwa kwa miaka kadhaa hata katika Kiingereza.

Seli B ni chembechembe nyeupe za damu zinazozaa seli za kutengeneza kingamwili. Herufi hiyo haikutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mfupa, kama wanafunzi wengi wanavyodhani. Ilitokana na bursa ya Fabricius, kiungo kilicho karibu na tundu la haja la kuku. Bruce Glick na wenzake ndio walioonyesha kuwa kuku aliyeondolewa kiungo hicho akiwa mchanga hushindwa kutengeneza kingamwili za kutosha. Makala yao, baada ya kukataliwa na jarida kubwa, ilichapishwa mwaka 1956 katika Poultry Science, jarida la wataalamu wa ufugaji wa kuku. Wanaodharau majarida madogo wangefaa kuikumbuka habari hiyo.

Juu ya utando wa kila seli B kuna vipokezi, navyo ni kingamwili zilizopachikwa humo ili kutambua antijeni. Fumbo lililowasumbua wataalamu katika miaka ya 1980 lilikuwa hili: kipokezi cha aina ya IgM kimejitokeza nje ya seli kwa sehemu yake karibu yote, lakini upande wa ndani kina mkia wa asidi amino tatu tu. Mkia mfupi kiasi hicho hauwezi kushika kimeng'enya chochote wala kukiamrisha. Ilikuwa kana kwamba mgeni anapiga hodi kwenye nyumba yenye ukuta usiopitisha sauti, na bado wenyeji wanaamka na kufungua.

Mwaka 1989 Reth alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Hakueleza jaribio jipya lenye vifaa vya ajabu. Alilinganisha mifuatano ya asidi amino ya protini mbalimbali za seli za kinga na kuona kuwa mikia yake ina mpangilio mmoja unaojirudia. Mpangilio huo una tairosini mbili zilizotengana kwa kipimo maalumu, na baada ya kila tairosini, katika nafasi ya tatu, hukaa lusini au isolusini. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake walibainisha kuwa kipokezi cha seli B hakikai peke yake katika utando, bali kimeambatana na protini mbili, Ig-alfa na Ig-beta, ambazo mikia yake mirefu ina mpangilio huohuo. Hao ndio waliokuwa wakiisikia hodi. Antijeni inapogusa kipokezi, vimeng'enya hubandika fosfeti kwenye tairosini zile mbili. Kisha kimeng'enya Syk, chenye sehemu mbili za kushikia, hukaa juu ya zote mbili kwa pamoja na kuendeleza habari kwa vimeng'enya vingine, kikiwamo Btk, hadi kwenye kiini cha seli.

Sasa mpangilio huo uliitwaje? Kwa muda wa miaka sita uliitwa kila mtu alivyopenda. Wengine waliuita mpangilio wa Reth, wengine TAM, wengine ARAM, wengine ARH1, na wengine waliutaja kwa herufi tupu za asidi amino zake. Ilifika mwaka 1995 ndipo wataalamu wakaafikiana juu ya jina ITAM. Katika miaka hiyo sita hakuna maabara iliyofunga milango kwa kukosa istilahi sanifu. Kiingereza kilikubaliwa kugugumia, na kwa kugugumia kikaipata njia. Kwa nini Kiswahili kidaiwe ufasaha kabla ya kuruhusiwa kusema?

Athari ya barua hiyo haielezeki kwa kuhesabu makala zilizoitaja, wala kwa tuzo ya Paul Ehrlich na Ludwig Darmstaedter ambayo Reth alipewa mwaka 2014. Inaonekana vizuri zaidi katika maradhi. Mwaka 1952 daktari wa Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mtoto wa kiume wa miaka minane aliyeugua mara kwa mara kwa kuwa damu yake haikuwa na kingamwili. Jeni yenye hitilafu ilipopatikana mwaka 1993, ikaonekana kuwa ni jeni ya Btk, kiungo kimoja katika mnyororo ule unaoanzia kwenye mikia ya Ig-alfa na Ig-beta. Miaka 20 baadaye, yaani mwaka 2013, dawa ya ibrutinibu inayoizuia Btk iliidhinishwa Marekani kutibu aina mojawapo ya saratani ya seli B. Kitu kinachokosekana kwa mtoto wa Bruton ndicho kinachozuiwa kwa makusudi kwa mgonjwa wa saratani. Tena, katika tiba iliyoidhinishwa nchini humo mwaka 2017 kwa ajili ya watoto na vijana wenye saratani ya damu ya seli B, seli T za mgonjwa hupandikizwa kipokezi cha kutengenezwa, na mkia wake wa ndani una ITAM tatu.

Afrika Mashariki nayo imo katika kisa hiki, wala si kwa kulazimishwa. Uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa Kampala, aliueleza mwaka 1958 ni saratani ya seli B. Kutokana na vipande vya uvimbe huo vilivyopelekwa London kutoka Uganda, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kuwa wameona virusi vipya. Baadaye ilidhihirika kuwa protini mojawapo ya virusi hivyo, LMP2A, ina ITAM. Majaribio ya panya yalionyesha kuwa seli B isiyo na kipokezi, ambayo kwa kawaida ingekufa, huweza kuishi ikiwa ina protini hiyo. Hii haina maana kuwa LMP2A peke yake ndiyo chanzo cha uvimbe wa Burkitt. Ina maana kuwa virusi vimepata namna ya kuiga hodi, na seli huitika ingawa mlangoni hapana mtu.

Hapa ndipo msamiati uliozoeleka unapopwaya. Tangu elimu ya UKIMWI ilipoenea, chembechembe nyeupe za damu zimeelezwa kwa Kiswahili kuwa ni askari wa mwili. Sitiari hiyo ilifanya kazi kubwa, na haifai kubezwa. Iliwafikia watu ambao hakuna kitabu cha biolojia kingewafikia. Hata hivyo, ina mipaka. Mwaka 1997 watafiti wa Köln, katika maabara ya Klaus Rajewsky aliyekuwa mwalimu wa Reth, walionyesha kuwa seli B komavu ya panya ikinyang'anywa kipokezi chake hufa, hata kama hakuna adui yeyote aliyeingia. Askari aliyepokonywa bunduki hafi kwa sababu hiyo. Na mzazi anayeambiwa kuwa askari wa mwili wa mwanawe wameasi atabaki na picha ya usaliti, pengine na ya laana, mahali ambapo daktari alikusudia kusema kuwa seli inazaana bila kusikia amri ya kuacha. Kati ya picha hizo mbili kuna umbali mkubwa, na anayeachwa katikati ni mtoto ambaye dawa zingeweza kumponya lau angefikishwa mapema na asiondolewe wodini.

Kiswahili hakilazimiki kubuni mambo mageni ili kuliziba pengo hilo. Kutokana na kitenzi pokea kimekwisha kupata kipokezi. Mzizi huohuo unatoa pokeza na pokezana, yaani kupeana kitu kutoka mkono hadi mkono, kama watu waliojipanga kupitisha ndoo za maji penye moto. Hivyo ndivyo Ig-alfa, Syk na Btk zinavyofanya. Neno upokezanaji lina maelezo mengi kuliko neno la Kiingereza lenye asili ya bendera na taa, kwani linaonyesha kuwa kila kiungo ni mpokeaji na mtoaji kwa wakati mmoja, na kwamba mmoja akikosekana, kama kwa mtoto wa Bruton, ndoo huanguka hapohapo.

Hadhari inahitajika upande mwingine. Kwa miaka mingi ilifundishwa kuwa vipokezi hukaa kimojakimoja, na kwamba antijeni huviamsha kwa kuvibandika pamoja. Mfasiri mwenye haraka angeuita mwamsho wenyewe mbandikano, na shauri lingeishia hapo. Mwaka 2010 Jianying Yang na Reth wakadai kinyume chake: kwenye seli iliyotulia vipokezi vimekaa vikiwa vimebanana na kuzuiana, na antijeni huviamsha kwa kuvibandua. Dai hilo lina wapinzani wenye hoja nzito. Kwa hiyo mwamsho ubaki kuwa jina la tokeo, bila kufungwa na nadharia yoyote, na nadharia mbili zipewe kubandikana na kubandukana, maneno ambayo irabu moja tu inatosha kuyatenganisha. Picha za darubini ya elektroni zilizotolewa mwaka 2022 zilithibitisha kuwa kila kingamwili ya utando huambatana na jozi moja ya Ig-alfa na Ig-beta, kama Wolfgang Schamel na Reth walivyokuwa wamesema mwaka 2000. Lakini vipokezi vilivyopigwa picha vilikuwa vimekwisha kutolewa katika utando, hivyo swali la jinsi vinavyokaa juu ya seli iliyolala halikujibiwa.