Heshima ya Mama, Ibada ya Mwana

Bikira Maria ndiye mpaka wa kwanza ambao Mkatoliki na Mprotestanti wa Burundi huoneshana wanapoanza kubishana, kabla ya Papa na kabla ya ubatizo wa watoto wachanga. Upande wa Gitega iko Mugera, misheni iliyofunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1899. Kila tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, mahujaji hufurika huko, wengi wao kwa miguu. Kanisa kuu la Muyinga lina jina la Bikira Maria wa Lourdes. Katika miji hiyo hiyo Waanglikana nao wana maaskofu wao, Gitega tangu 1985 na Muyinga tangu 2005, na katika mapokeo yao, yaliyolelewa na uamsho wa walokole, sanamu ya Maria haina mahali. Watu hawa huishi kilima kimoja, huchota maji kisima kimoja na kuoleana.

Shtaka ni la zamani: Wakatoliki wanamwabudu Maria. Jibu lake ni la zamani vilevile: Waprotestanti wanamdharau mama wa Bwana. Yote mawili si kweli, na kila upande una wajibu wa kuyaacha.

Sehemu ya kosa imo katika lugha. Kirundi hutumia neno moja, gusenga, kwa kusali na kwa kuabudu. Mwanamke akitumia neno hilo kueleza kwamba amesali kwa Maria, jirani yake husikia kwamba amemwabudu. Kiswahili kimejaliwa maneno mengi, yaani kuabudu, kusali, kuomba, kusihi, kuheshimu na kusalimu, lakini utajiri huo haumfai mtu asiyechagua neno lake. Kanisa Katoliki limechagua lake tangu Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787: kuabudu ni kwa Mungu peke yake, watakatifu huheshimiwa, na heshima iwekwayo mbele ya sanamu humwendea yule aliyechorwa. Mprotestanti anayo haki ya kusema kwamba mpaka huo ni mwembamba mno machoni pa mkulima anayepiga magoti. Hana haki ya kusema kwamba haupo.

Inafaa rozari yenyewe ishikwe mkononi na kutazamwa. Ya kawaida ina punje 59, na 53 kati yake ni za Salamu Maria. Kidole gumba kinapotua juu ya punje, maneno ya kwanza yanayotamkwa ni salamu ya malaika Gabrieli na baraka ya Elizabeti, yote mawili kutoka sura ya kwanza ya Injili ya Luka. Kwa karne nyingi sala iliishia hapo. Nusu ya pili ilikuja baadaye, na umbo lake la sasa likaenea kwa kitabu cha sala cha Papa Pius V cha mwaka 1568. Katika nusu hiyo ombi ni moja tu: utuombee. Mlokole naye humwambia ndugu yake maneno hayo hayo katika mkutano wa maombi, na hakuna anayemwita mwabudu sanamu.

Tofauti ni kwamba ndugu huyo yu hai na anasikia. Swali la kweli basi ni hili: je, waliokufa katika Kristo husikia maombi ya walio duniani? Mkatoliki hujibu kwamba Mungu si Mungu wa wafu, kwa hiyo walio wake ni hai kuliko sisi. Mprotestanti hufungua 1 Timotheo 2:5, penye mpatanishi mmoja tu, na Kumbukumbu la Torati 18, panapokatazwa kuwauliza wafu.

Hofu hiyo ya Mprotestanti isichukuliwe kuwa ubishi mtupu. Kabla ya misheni, Warundi walikuwa na ibada ya kubandwa, ambamo Kiranga alisimama kati ya watu na Imana, yaani Mungu. Wahubiri walifanya kazi kubwa kuwaambia watu kwamba njia ya kwenda kwa Mungu sasa ni wazi, bila mtu wa kati isipokuwa Kristo. Mtu aliyesikia habari hiyo kama ukombozi hutetemeka anapoona kama mlango huo unawekewa bawabu mwingine. Katekista anayemcheka mtu huyo hajaijua historia ya nchi yake.

Kuhusu jina Mama wa Mungu, Mswahili na Mrundi wangepaswa kuwa watu wa mwisho kukwazika. Mwanamke akiitwa Mama Fulani, jina hilo humtaja mtoto. Yeye hupata heshima kwa sababu ya aliyemzaa. Ndivyo Mtaguso wa Efeso ulivyofanya mwaka 431. Ulikuwa ukibishania Kristo ni nani, na ulipomwita Maria Mzazi wa Mungu ulikuwa ukisema kwamba mtoto yule ni Mungu kweli tangu tumboni. Martin Luther hakulikataa jina hilo, na mwaka 1521 aliandika maelezo marefu juu ya wimbo wa Maria. Ni hasara kwamba katika makanisa mengi yaliyotokana na matengenezo yake Maria husikika Krismasi, kisha hunyamaziwa hadi Desemba nyingine.

Mfano wa mama wa mfalme hupendwa na Wakatoliki, na nchini Burundi unaeleweka upesi. Katika 1 Wafalme 2 Sulemani anasimama, anamwinamia Bathsheba na kumketisha mkono wake wa kuume. Lakini sura haiishii hapo: ombi analoleta mama huyo linakataliwa. Historia ya Burundi nayo ina onyo lake. Ririkumutima, mke wa mwami (mfalme) Mwezi Gisabo, akiwa na cheo cha mama wa mwami, alishika sehemu kubwa ya madaraka wakati wa Mutaga Mbikije na mwanzoni mwa enzi ya Mwambutsa, hadi kifo chake mwaka 1917. Heshima ya mama wa mwami inaweza kukua hadi mwami mwenyewe asionekane, na hilo ndilo Waprotestanti wanalolihofia.

Kanisa Katoliki lenyewe limeliona. Kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mwaka 1963, maaskofu walipiga kura kama Maria aandikiwe hati yake au awekwe ndani ya hati juu ya Kanisa. Kura 1,114 dhidi ya 1,074 zilimweka ndani ya Kanisa, pamoja na waamini wengine, katika sura ya nane. Novemba 2025 Vatikani ilitoa waraka unaosema kwamba kumwita Mkombozi Mwenza hakufai, kwa kuwa kunaweza kufunika kazi ya Kristo aliye mkombozi pekee. Padri wa parokia anayewaachia watu wake cheo hicho anawapa Waprotestanti hoja ambayo Roma yenyewe imeikubali.

Uzembe wa mafundisho una gharama. Kwenye kilima cha Businya, Kayanza, watu walimfuata mwanamke aliyesema anatokewa na Bikira Maria, na Kanisa likawakataza. Machi 2013 polisi waliwafyatulia risasi, wakafa watu wasiopungua tisa. Baadhi ya wafuasi walikimbilia Kongo, na Septemba 2017 zaidi ya 30 waliuawa kwa risasi huko Kamanyola. Damu hiyo iko juu ya waliofyatua. Hata hivyo, muumini aliyefundishwa vema hahitaji kuhama nchi ili kumfuata Maria.

Yanabaki yale magumu kweli. Mwaka 1854 Pius IX alitangaza kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili, na mwaka 1950 Pius XII akatangaza kwamba alipalizwa mbinguni mwili na roho. Wanateolojia wa Kianglikana na Kikatoliki walipotoa hati yao ya pamoja juu ya Maria, mwaka 2005, walikaribiana sana, lakini swali likabaki: je, Mkristo alazimishwe kuamini jambo ambalo Maandiko hayalisemi waziwazi? Hapo hakuna wa kumlaumu mwenzake. Wanatofautiana juu ya nani ana mamlaka ya kufundisha, na Maria ameingizwa tu katika kesi hiyo.

Hayo yataamuliwa na wakubwa, lakini ikiriyo, yaani siku za matanga, haingoji. Binti wa Mugera aliyeolewa katika nyumba ya Kianglikana huko Muyinga akifiwa na mama yake, rozari itaanzishwa uani usiku huo, na wakwe zake watatafuta pa kutokea. Wasitoke. Nusu ya kwanza ni Luka. Waitamke kwa sauti pamoja na waliofiwa, bila hatia yoyote. Ikifika nusu ya pili wanyamaze, na Wakatoliki wasiwageuzie macho. Punje inayofuata ikisogezwa, waanze tena pamoja.