Pole Zenu Hazirudishi Mswada

Kuna msiba mmoja ambao sisi watu wa fasihi tumeuzoea mpaka tumeutungia adabu zake. Mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani, kompyuta yangu imekufa na riwaya yote imo humo." Hapo hapo pole zinashuka kama mvua ya masika. Pole sana ndugu. Mungu atakupa nyingine bora zaidi. Anatokea na mwenye busara zake anayetukumbusha kwamba riwaya ikiandikwa mara ya pili huwa tamu kuliko ya kwanza. Baada ya siku mbili tumerudi kwenye ubishi wetu wa kama shairi huru ni shairi, na riwaya ya mwenzetu imezikwa bila hata arobaini.

Mimi pole hizo nimeacha kuzitoa. Naishi Kirumba, hapa Mwanza, na kwa kuwa naijua kompyuta kidogo, wanaoandika huniletea mashine zao kabla ya kwenda kwa fundi, au baada ya fundi kushindwa. Nimeziona za kutosha kusema hili bila kuuma maneno: mwandishi mwenye nakala moja tu ya kazi yake hajapatwa na ajali kompyuta inapokufa. Amepatwa na jambo lililokuwa linakuja. Diski zote hufa, swali ni lini tu. Anayelijua hilo na bado anaacha miaka mitatu ya kazi ndani ya diski moja ni mzembe, na sisi tunaompa pole bila kumuuliza neno ndio tunaoulea huo uzembe.

Najua inauma kusikia. Lakini hebu tupime kinachopotea.

Mwandishi wa Kiswahili, hasa wa huku Kanda ya Ziwa, anaandika peke yake. Hana wakala. Hana mhariri anayepokea sura moja moja kila mwezi. Akimaliza, anasubiri mchapishaji, na kusubiri huko kunaweza kuchukua miaka. Muda wote huo kitabu hakipo popote duniani isipokuwa kwenye mashine ya mtumba juu ya meza, chumba ambacho umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Ikifa ile mashine, hakuna maktaba ya kukimbilia. Ni yale yale kwa wanaorekodi hadithi za wazee kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Bibi amesimulia, simu imerekodi, bibi amefariki, kisha simu imechomolewa mfukoni kwenye daladala. Hapo utampa nani pole? Mwenye simu, au lugha?

Tunaoishi ukingoni mwa ziwa hili tuna sababu ya ziada ya kuona aibu. Ng'ambo ya maji, Ukerewe, aliishi Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu chake kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakikupata mchapishaji. Miaka ikapita, kumi, ishirini. Baadaye, akihimizwa na Gerald na Charlotte Hartwig, Wamarekani waliofika kisiwani kwa utafiti, mzee akakaa chini na kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikakitoa 1980, miaka 35 tangu kumalizika. Kitereza alifariki 1981 kabla ya kukishika mkononi. Kisha mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza, na hakuitoa kwenye Kiswahili. Aliurudia mswada wa Kikerewe.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Zaidi ya nusu karne baada ya mwandishi kuweka kalamu chini, mtu aliweza kuurudia mswada wa kwanza na kuusoma. Karatasi ilisubiri. Ilivumilia unyevu wa kisiwa, ikavumilia wachapishaji. Sasa wewe uliyeandika riwaya yako 2019, una hakika utaifungua 2029? Diski haina subira ya karatasi. Ukiiacha kabatini miaka 35, usitegemee kukuta kitu. Kitereza hakuwa na kifaa cha kutoa nakala kumi kwa dakika moja. Sisi tunacho, tunakishika kutwa nzima, tunatumia kutumiana vichekesho.

Sasa zije sababu, maana sababu hazikosekani.

Ya kwanza ni pesa. "Kaka, diski ya nje ni ghali, na bando je?" Hii naikataa kwa hesabu ndogo tu. Riwaya ya maneno 80,000, ikiwa ni maandishi bila picha, kwa kawaida haifiki hata MB moja. Video moja ya dakika mbili unayoipokea kwenye kundi la ukoo inaizidi mara nyingi. Kujitumia riwaya nzima kwa barua pepe kunagharimu bando dogo kuliko kufungua picha za harusi ya mtu usiyemjua. Aliyepiga picha 10,000 za maisha ya Mwaloni ana haki ya kulalamikia gharama. Mshairi hana. Diwani lote la mshairi linaenea kwenye flashi ya bei ya chini kabisa dukani, na nafasi inabaki ya madiwani mengine mia.

Ya pili ni fundi. "Fundi atairudisha." Nawaheshimu sana mafundi wa mji huu, wanafufua vitu ambavyo kiwandani wangevitupa. Lakini tuelewe wanachoweza na wasichoweza. Ukifuta faili kwenye diski ya zamani ile inayozunguka, kompyuta haifuti maneno yako papo hapo. Inaondoa tu anwani yake na kutangaza kwamba ile nafasi ni wazi. Maneno yapo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure, inaweza kuyaokota, ingawa mara nyingi itakurudishia mafaili yasiyo na majina, na utakesha unafungua moja moja. Masharti ni kwamba usiguse kitu. Uache kuitumia mashine, na programu ya uokoaji usiiweke kwenye diski ile ile unayotaka kuiokoa.

Watu wetu wanafanya nini? Kinyume chake. Wanaendelea kutazama filamu na kupakua miziki, wiki ya pili ndiyo wanamkumbuka fundi, tena wa kwanza wanayemkuta ni yule ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni "kupiga Windows" mpya. Akishapiga Windows, amemwaga zege juu ya kaburi. Na kama diski ni SSD, za kompyuta nyingi za siku hizi, mara nyingi hata kaburi halipo. Ukifuta, mfumo huiambia diski isafishe ile nafasi, na ikishasafishwa hakuna programu itakayokuta kitu. Diski inayozunguka ikianza kugonga tik-tik, zima. Kila dakika unayoiwasha ili "ujaribu mara moja tu" inaweza kukwangua kilichobaki.

Upande wa pili, kuna wanaolia kabla ya kifo. Flashi imetoka steshenari, ukiichomeka folda zote hazionekani, badala yake kuna vialama vya njia ya mkato. Mtu anaifomati kwa hasira. Mara nyingi virusi vya aina hiyo havifuti kitu, vinaficha tu. Kazi ilikuwa mle mle ndani na mwenyewe ndiye aliyeiua. Ukiona hivyo, usifomati. Tafuta anayejua kufichua mafaili yaliyofichwa.

Sababu ya tatu ndiyo ya wajanja: "Mimi sina shida, vitu vyangu vipo Google." Vizuri, ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Ila ndugu yangu, folda inayojioanisha na mtandao ni kioo, inaonyesha kilichopo mbele yake. Ukifuta sura ya saba kwenye kompyuta, na kule inafutika. Kwenye Google Drive kilichofutwa hukaa kwenye pipa siku 30 tu, kisha basi. Akaunti yenyewe isipoguswa kwa miaka miwili, Google wana sera ya kuifuta na vilivyomo. Na nywila anayo nani? Kwa namba ipi ya simu ambayo laini yake uliitupa? Siku ukifariki, na tutafariki, nani nyumbani anajua kwamba kuna riwaya, achilia mbali jinsi ya kuifungua? Familia itaiuza kompyuta kwa mtu atakayeifomati jioni hiyo hiyo, nao watakuwa hawajafanya kosa lolote. Hawakuambiwa.

Ya nne ndiyo inayoniudhi zaidi, maana ni ya kwetu wenyewe wapenda fasihi. Tunapenda hekaya ya mswada uliopotea. Inatupa raha fulani kusema kwamba kazi bora ya fulani ni ile ambayo hatutaisoma kamwe. Huo ni upuuzi uliovishwa joho. Kazi isiyosomeka si bora wala mbovu, haipo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya kwenye karatasi za chooni akiwa gerezani Kamiti mwaka 1978. Sisi husimulia kisa hicho kwa ajili ya ushujaa wake. Mimi nakisoma kwa jambo jingine: mfungwa, asiye na karatasi, alihangaika kuitunza kazi yake kuliko sisi tulio huru na tuliojaa vifaa.

Msifikiri ni ugonjwa wa Waafrika au wa maskini. Mwaka 1998, wakati studio ya Pixar huko Marekani inatengeneza filamu ya Toy Story 2, amri moja iliyoandikwa kimakosa ilianza kufuta filamu yao. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta hazifanyi kazi ipasavyo, na hakuna aliyekuwa amejua. Kilichowaokoa ni kompyuta ya nyumbani. Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa ufundi, alikuwa na mtoto mchanga na alikuwa akifanyia kazi nyumbani, kwa hiyo kwake kulikuwa na nakala. Waliifunga mashine hiyo kwenye mablanketi na kuibeba kwa gari mpaka ofisini kama wanambeba mgonjwa. Pale penye mabilioni, kilichookoa kazi ni nakala ya pili, kwenye nyumba nyingine. Na kisa hicho kina funzo la pili ambalo watu hulisahau: nakala ambayo hujawahi kuifungua kuijaribu ni matumaini tu.

Nenda pale Mwaloni, soko letu la dagaa na samaki, mzigo unaotoka hapo unavuka mpaka hadi Kongo. Mfanyabiashara akiandika risiti, chini yake kuna karatasi ya kaboni. Moja inaondoka na mteja, nyingine inabaki kwenye kitabu. Hakuna semina iliyomfundisha. Anajua tu kwamba maneno yaliyopo sehemu moja yanaweza kukanwa, kuloana au kuungua. Gunia la dagaa lina nakala mbili. Riwaya ya miaka mitatu ina moja. Halafu tunajiita walinzi wa lugha!

Ninachodai ni kidogo. Nakala tatu za kila kazi: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi au diski inayolala nyumba nyingine, kwa dada, kwa rafiki, na moja kwenye mtandao. Jina la faili libebe tarehe, ili toleo la leo lisimeze la jana. Siku ukijuta kufuta sura, utaikuta. Mara moja kwa mwezi fungua zile nakala uone zinasomeka. Kazi ikimalizika, ichape kwenye karatasi hata mara moja, maana tumeona karatasi ya Ukerewe ilifanya nini. Na mwambie mtu mmoja unayemwamini kazi ipo wapi na inafunguliwaje.

Viongozi wa vikundi vya waandishi nao wana la kufanya. Tunaendesha warsha za vina na mizani, za kujenga wahusika, za kuandika utangulizi wa kuvutia. Ni lini tumewahi kutenga nusu saa ya kuwafundisha vijana kutunza wanachokiandika? Kikao kijacho, kabla mtu hajasoma shairi lake, aulizwe lipo sehemu ngapi. Akisema moja, asubiri. Achomeke flashi, ajitumie barua pepe, ndipo asome. Atakasirika kidogo, lakini shairi litakuwepo.