Nondo wa Mitunguu



Juma lililopita tulikuwa safarini bara, tukiwazuru wakwe zetu wa Embu na Meru. Watoto walitutia katika shughuli ambayo hatukuitarajia: kutega nondo.

Usiku wa kwanza, karibu na Runyenjes, baada ya sala ya Isha, tulitundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo na nyuma yake tukaweka taa. Haukupita muda wakaanza kutua, wa kahawia na wa kijivu. Tuliwafundisha watoto kumtambua nondo: vipapasio vya kipepeo vina kirungu nchani, vya nondo ni kama uzi au unyoya.

Wakauliza mbona wanaipenda taa. Sote tumekua tukisimuliwa mfano wa Mtume wetu (s.a.w.) kuhusu wadudu wanaojitupa motoni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 umeeleza jinsi taa inavyowanasa: wadudu wengi warukapo usiku huelekeza mgongo penye mwangaza, kwani mwangaza wa usiku hutoka mbinguni. Wakutanapo na taa hupotewa na juu na chini, wakabaki kuizunguka.

Siku ya pili tuliteremka Mitunguu, upande wa Meru wenye joto. Mkwe wetu alitupokea kwa bashasha, ila moyo wake ulikuwa mzito. Msimu uliopita mahindi yake yaliliwa na viwavijeshi, wale wenye asili ya bara la Amerika, waliothibitishwa Afrika mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017. Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Aliposikia habari za shuka letu, alisema jioni ile ile angepulizia dawa shamba zima, pamoja na mipapai iliyo pembeni.

Tulimsihi angoje hadi asubuhi. Magharibi ilipokaribia tukaketi naye chini ya mipapai. Wakaja nondo wenye miili minene, wakielea mbele ya maua na kufyonza kwa ndimi ndefu. Hao ndio wanaochukua chavua kutoka mpapai dume kupeleka kwa mpapai jike. Mkwe wetu amekula mapapai miaka yote asijue nani mtumishi wake.

Asubuhi tulifungua mtego uliokuwa kwenye mahindi: ndoo ya plastiki yenye kibonge cha harufu ya nondo jike wa viwavijeshi. Taa huita kila apitaye. Harufu ile huwalenga madume wa jinsi moja. Hata hivyo tulimtazama kila mmoja, kwani wageni huingia. Madume wa viwavijeshi walikuwa saba, kila mmoja na doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele.

Kisha tukapita mstari kwa mstari. Katika miche michache tulikuta viwavi wachanga, bado hawajazama ndani ya moyo wa muhindi ambamo dawa huwafikia kwa shida. Walio wakubwa kidogo walikuwa na alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Tuliwaponda kwa vidole, watoto wakishindana.

Mkwe wetu aliirudisha pampu ghalani. Ameahidi kukagua shamba mara mbili kwa juma, na akilazimika kutumia dawa, iwe kwenye mahindi peke yake, wala si saa ya maua ya mipapai.

Tumezoea kusema samaki mmoja akioza huoza wote. Kauli hiyo ina mahali pake, lakini si penye mipapai ya Mitunguu. Mavuno bado, nasi twangoja simu yake kwa dua. Tukijaaliwa, tutawaletea habari.