AKIRUDI KUTOKA MIREMBE

Hospitali ya Mirembe ilianzishwa Dodoma mwaka 1927. Tangu hapo jina lake limekuwa midomoni mwa watu wa nchi hii, na aghalabu limekuwa tusi. Watoto hulitupiana njiani, na watu wazima hulitumia kilabuni. Tumepata hata kumsikia kiongozi, tena mwenye kofia ya Chama kichwani, akimwambia mpinzani wake mbele ya mkutano wa hadhara kwamba mahali pake ni Dodoma, wala hakuwa na maana ya Bungeni. Watu walicheka sana. Sisi wa magazeti hatuwezi kumlaumu peke yake, maana nasi tumetumia neno "kichaa" mara nyingi tulipokosa hoja.

Lakini leo twataka kuandika juu ya siku ya kurudi.

Mgonjwa wa akili hapelekwi hospitali ili akae huko mpaka kufa. Hupelekwa atibiwe, na wengi hupata nafuu. Vipo vidonge vya kumezwa kila siku, na zipo sindano ambazo nguvu yake hudumu majuma kadhaa. Siku inafika daktari anaridhika, mgonjwa anapewa dawa na barua, anapanda basi. Tunauliza: je, anamshukia nani?

Twamjua mtu mmoja. Jina lake na kijiji chake tunavihifadhi. Alikuwa seremala. Aliporudi kwao akiwa na akili zake timamu, alikuta msumeno na randa vimekwisha kuuzwa, na shamba lake la muhogo limegawanywa kati ya ndugu zake. Hakuna aliyempiga. Chakula alipewa, ila kwa sahani ya peke yake, naye aliketi mbali kidogo na wenzake. Kila alipokasirika, kama mtu ye yote anavyokasirika akiona mali yake imechukuliwa, majirani walinong'onezana, "Umempanda tena." Zahanati ya karibu haikuwa na dawa yake, na nauli ya kwenda mjini hakuwa nayo. Masika hayajaisha, alirudishwa hospitali amefungwa kamba. Watu wakasema ugonjwa ule hauponi. Sisi twauliza ni mzima gani kati yetu ambaye angestahimili mambo yale kwa miezi mitatu.

Waliosoma shule za misheni watamkumbuka yule mtu wa makaburini katika Injili ya Marko. Alipoponywa aliomba amfuate Bwana, akakataliwa, akaagizwa kwenda nyumbani kwa jamaa zake. Mwalimu wetu wa dini alizoea kutuuliza jambo ambalo halikuandikwa: huko nyumbani walimpokeaje? Tulikuwa watoto, hatukuwa na jibu.

Kumtibu mtu akiwa kati ya watu si jambo geni kwa Waafrika. Mwaka 1954 daktari Mnigeria, Thomas Adeoye Lambo, alianza kazi yake huko Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Alipanga wagonjwa wake wakae katika nyumba za wakulima wa vijiji vilivyoizunguka hospitali, kila mmoja pamoja na jamaa yake wa kumtunza na kumpikia. Mchana walikwenda kutibiwa; jioni walirudi kijijini, wakasikia watoto wakilia na mchi ukitwanga. Dunia ilikuja kujifunza kwake, naye baadaye akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Hapa kwetu Lutindi, katika milima ya Usambara, wagonjwa wamekuwa wakipata matibabu tangu mwanzo wa karne iliyopita, nao wameshika jembe na kuchuma chai. Huko Mahenge, Dk. Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa mwaka 1960, wakati ambapo mtu mwenye kifafa akianguka motoni wengine waliogopa kumgusa ili kumtoa. Taifa letu lilipokuwa huru liliunda vijiji vya kuwarudisha wagonjwa katika kazi, kama vile Hombolo na Vikuruti. Mgonjwa akalima na kufuga, si kukaa kutazama ukuta. Katika miaka ya 1980 mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilitangulia kuijaribu njia ya kuyaingiza matibabu ya akili katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida. Basi njia twaijua. Tulianza kuikata wenyewe, kisha tukaiacha iote majani mahali pengi.

Sheria nayo haina kosa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haisemi kwamba mlemavu ni yule tu asiyeona au asiyeweza kutembea. Yataja mtu aliyepungukiwa na nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida sawasawa na wenzake, kwa sababu za mwili, za akili au za kijamii. Seremala wetu yumo humo, tena kwa sababu zote mbili za mwisho. Na halmashauri hutakiwa kutenga sehemu kumi katika mia ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo, na mbili kati ya hizo kumi ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tunataka kila diwani, hasa wa Chama chetu, aifungue orodha ya waliokopeshwa katika halmashauri yake, ahesabu ni wangapi waliopata nafuu ya ugonjwa wa akili. Asipoona hata mmoja, asituambie kwamba hawakuomba. Amwulize ofisa maendeleo ni nani aliyekwenda kuwaambia kwamba wanaruhusiwa kuomba.

Kuna kazi nyingine isiyohitaji hata senti ya halmashauri. Balozi wa nyumba kumi humjua kila mtu katika shina lake: nani amezaa, nani amehama, nani ana mgeni asiyeaminika. Kwa nini asijue ni nani aliyelazwa? Mtu akipelekwa hospitali, balozi na serikali ya kijiji waandike vyombo vyake vya kazi na mipaka ya shamba lake, na ndugu watie sahihi. Mganga wa zahanati aandikiwe mapema aagize dawa. Na barua ya hospitali ikifika kwamba mtu huyo anarudi Alhamisi, balozi awepo stendi Alhamisi, pamoja na kaka yake mkubwa, na ufunguo wa nyumba.