Tusisubiri Mwezi wa Kumi na Nne

Bibi harusi akipendeza tunamwita mwezi wa kumi na nne, na ni haki yake. Kwa kamera ndogo ya zumu, lakini, usiku huo hatuupendi. Jua linaupiga mwezi usoni, vivuli hakuna, picha inatoka kama sahani. Usiku wa saba au wa nane mwanga huja ubavuni, na mashimo ya mwezini huonekana mpaka kingo zake.

Tokeni uani baada ya Isha, mwezi umeshuka kidogo shingo isiume. Egemeeni ukuta, viwiko mbavuni. Msiiachie kamera ijipimie mwanga. Huona giza tupu na kuuunguza mwezi. Ule umemulikwa na jua: ISO 100 na kasi ya 1/250 zinatosha, hata mkono ukitikisika kidogo.

Wapo wanaosema mama mzima kulenga kamera mbinguni ni utoto, kamera ni ya harusi. Hatukubali. Qur'ani inapotuhimiza kuzingatia uumbaji wa mbingu haikuwataja wanaume peke yao. Mwezi ukiandama, anzeni kuhesabu.