Ndoa Haina Rangi

Wako watu wanaosema: « Sheria ni sheria, mkristu mwema hutii tu. » Tuwaulize: hata sheria inayompinga Mungu?

Tutazame Marekani. Zamani, katika majimbo mengi ya nchi ile, sheria ilikataza mweupe kuoana na mweusi. Mwaka 1883 tribinali kuu yao ilipima sheria ya Alabama, iliyoadhibu uasherati wa mweupe na mweusi kwa ukali kuliko ule wa watu wa rangi moja. Waamuzi wakasema: hakuna ubaguzi hapa, maana wote wawili wanapata adhabu sawasawa. Ujanja gani huu! Ukifunga watu wawili kwa kamba moja, je, kamba inakuwa haki kwa sababu inawabana wote?

Mwaka 1947, kule Los Angeles, wakatoliki wawili waliomba ruhusa ya kuoana: Andrea Perez, wa ukoo wa Meksiko, aliyehesabiwa mweupe, na Sylvester Davis, mweusi. Wakanyimwa. Mwanasheria wao, Daniel Marshall, mkatoliki pia, akawaambia waamuzi: Eklezia haikatazi ndoa hii, basi serikali inawazuilia watu hawa sakramenti ya dini yao. Mwaka 1948 tribinali kuu ya California ikavunja sheria ile, waamuzi 4 juu ya 3. Lakini majimbo 16 yalishikilia sheria zao mpaka mwaka 1967, waamuzi wote 9 wa tribinali kuu ya Marekani walipozibatilisha katika kesi ya Loving na Virginia.

Wasomaji wapenzi, tusiwacheke Waamerika upesi. Sheria zile zimekufa, lakini dada yao anaishi nyumbani mwetu. Wazazi wangapi, wenye kupokea Komunyo kila Dominika, wanamwambia binti yao: « Kijana yule si wa kabila letu, mali yake hatuipokei »? Hakuna serikali iliyoandika sheria hiyo. Tumeiandika sisi wenyewe, moyoni, na kwa hiyo hakuna tribinali itakayoifuta. Wa kuifuta ni baba na mama.

Padri anapotangaza ndoa kanisani, anauliza kama kuna kizuio. Eklezia inavijua vizuio vyake, kabila halimo. Anayeliongeza anajifanya mkubwa kuliko Eklezia.